Uchovu Usiokwisha



Kulima miinuko ya Kasulu na Kibondo kunachosha, lakini uchovu huo huisha ukilala. Upo mwingine usiokwisha. Mama hukonda, huona kizunguzungu akisimama, hutapika na kutamani chumvi. Ufizi wake huwa mweusi kuliko zamani, na mistari ya viganja pia. Huenda tezi adrenali, zilizo juu ya figo, zimedhoofika. Kifua kikuu chaweza kuziharibu.

Udhoofu kama huo, bila weusi, huweza kumpata aliyeacha ghafla prednisoloni au deksamethasoni, vidonge ambavyo baadhi yetu hununua ili wanenepe. Usiviache ghafla, mwone daktari akupunguzie taratibu.

Usiseme mwenzio amerogwa, wala kwamba ni mvivu. Mpeleke hospitali ya wilaya. Akihitaji vipimo zaidi atapewa rufaa. Tiba ni vidonge vya haidrokotisoni au prednisoloni kila siku, mara nyingi maisha yote. Akishikwa na homa, kama ya malaria, dozi huongezwa kama daktari alivyomwelekeza. Akivitapika, usingoje kupambazuke: awahishwe kuchomwa sindano.