Makamanda, "Warudi Kwao" Siyo Lugha Yetu

Jumamosi tulikuwa na kikao cha vijana hapa Kirumba. Tulipofika kwenye mengineyo, kamanda mmoja ninayemheshimu, aliyelala rumande zaidi ya mara moja kwa ajili ya chama hiki, akasimama akasema tukishika nchi jambo la kwanza ni kufunga kambi za Kigoma, Warundi na Wakongo warudi kwao. Akapigiwa makofi. Mimi nilikaa kimya, na naona aibu. Ndiyo maana naandika.

Kamanda, unaijua Shimoni? Januari 2001, baada ya polisi kuwafyatulia risasi waandamanaji wa CUF Unguja na Pemba, Watanzania zaidi ya 2,000 walivuka bahari wakakimbilia huko Shimoni, Kenya. Wapinzani kama wewe na mimi. Wengine waliishia Dadaab, kambi ya Wasomali. Novemba 2020 Godbless Lema alivuka mpaka na familia yake. Polisi wa Kenya walimshikilia Kajiado, lakini hawakumrudisha, akaenda Kanada. Lissu akaenda Ubelgiji. Siku zile simu zetu zote zilikuwa zinasema sheria ya kimataifa, sheria ya kimataifa. Sheria yenyewe ndiyo hiyo hiyo inayomlinda mama wa Kirundi kambini. Huwezi kuitaka ya Lema ukaichana ya huyu mama.

Utaniambia Burundi sasa kuna amani. Sawa, na waliotaka kurudi wamerudi kwa maelfu, hakuna anayewazuia. Ninachopinga ni namna. Agosti 2019 serikali yetu na ya Burundi zilikubaliana kuwarudisha watu. Wakati huo masoko ya kambini yalikuwa yameshafungwa, na mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini bila kibali. Yaani unamfungia mtu genge, unamzuia kwenda kulima kibarua, halafu unamuuliza kama anarudi kwa hiari! Mkataba wa OAU wa 1969, ambao Tanzania ya Mwalimu iliusaini, unasema kwenye ibara ya 5 kwamba mkimbizi asirudishwe bila ridhaa yake. Na Wakongo je? Goma imeangukia mikononi mwa M23 Januari 2025. Warudi wapi?

Desemba 1996 tulishawahi kuwasukuma Wanyarwanda karibu nusu milioni kwa jeshi, kule Ngara na Karagwe. Mama yangu anakumbuka zaidi 1994, miaka miwili kabla, alipoacha kununua samaki kwa sababu Mto Kagera ulikuwa unaleta maiti ziwani. Hao ndio waliokosa pa kukimbilia.

Hapa nataka kila mtu asome taratibu. Mwaka 2020 Human Rights Watch walitoa ripoti kwamba wakimbizi wa Kirundi walikuwa wanachukuliwa kambini Kigoma, wanateswa, wengine hawajulikani walipo, na ikawataja polisi na usalama wa taifa wa nchi hii. Nani kati yetu alipaza sauti? Tuliona ni mambo ya Warundi. Septemba 2024 mzee wetu Ali Kibao akashushwa kwenye basi, akakutwa amekufa.

Na uraia wenyewe usiuamini sana. Muulize Jenerali Ulimwengu, aliyeambiwa mwaka 2001 kwamba siyo raia. Operesheni Kimbunga ya 2013 ilipita Geita na Kagera, hapo jirani tu, ikawasomba hata watu waliokaa miongo na kuoa na kuzaa huku. Mpinzani wa Kanda ya Ziwa mwenye pua ndefu ni Mnyarwanda mpaka athibitishe vinginevyo, mnalijua hilo.

Sikatai kwamba wenyeji wa Kasulu na Kibondo wana malalamiko ya kweli. Misitu imekatwa kwa kuni, na wafadhili wanapunguza pesa kila mwaka. Lakini soko likifunguliwa, mwenyeji naye anauza mahindi yake. Kwenye ilani tuandike hivyo: masoko yafunguliwe, vibali vya kutoka vitolewe, na asirudishwe mtu ambaye hajasikilizwa peke yake, bila askari mlangoni.

Kikao kijacho ni baada ya wiki mbili, pale pale. Nimeshamwambia katibu aniweke kwenye ajenda, siyo kwenye mengineyo. Kamanda, njoo tubishane.