Jouguet Wawili, Madai Manne

Mwanafunzi wa fizikia hulikuta jina la Jouguet kwenye vitabu vya milipuko. Wa historia hulikuta kwenye vitabu vya Misri. Hapo ndipo makosa huanzia, na yanastahili kujibiwa moja baada ya jingine.

Dai la kwanza: ni mtu mmoja. Si kweli. Pierre, mwanahistoria, aliishi kuanzia 1869 hadi 1949. Émile, mhandisi wa migodi, alizaliwa 1871 na kufariki 1943. Anayewachanganya humvisha mmoja sifa za mwenzake na kumfuta mwingine kabisa.

Dai la pili: kanuni ya Chapman na Jouguet, inayoeleza kasi ya wimbi la mlipuko katika gesi, ilitungwa na watu waliofanya kazi bega kwa bega. Hapana. Chapman, Mwingereza, alichapisha yake mwaka 1899. Émile alifika kwa njia yake mwenyewe mwaka 1905 na 1906. Chapman alichagua kasi ndogo kuliko zote zinazowezekana. Émile akaonyesha kwamba kwa kasi hiyo, gesi iliyokwisha kuungua huachana na wimbi la mlipuko kwa kasi ileile ambayo sauti husafiri ndani ya gesi hiyo. Msukosuko wa nyuma hauwezi tena kulifikia wimbi na kulidhoofisha. Ndiyo maana kasi hutulia: haidrojeni na oksijeni zikichanganywa kwa uwiano kamili, ni takriban mita 2,800 kwa sekunde.

Dai la tatu: Pierre alikuwa mtu wa mafirauni. La, alishughulikia Misri ya Wagiriki na Warumi. Huko Ghoran, Fayum, mwaka 1901, alipata magamba ya kufunikia maiti yaliyotengenezwa kwa mafunjo chakavu yaliyobandikwa tabaka juu ya tabaka. Yalipobanduliwa yalitoa maandishi ya Kigiriki, vikiwemo vipande vya tamthilia ya mtunzi Mgiriki Menander.

Dai la nne: nyaraka za kale humtenga msomi na zama zake. Sivyo. Mwaka 1940, Ufaransa iliposhindwa vitani, Pierre alikuwa Kairo, umri umepita miaka 70. Alisimama upande wa de Gaulle, jenerali aliyetaka vita viendelee, akaongoza Wafaransa wa Misri waliokataa kusalimu amri.

Jina la ukoo peke yake si ushahidi. Anayemnukuu Jouguet, aandike na jina la kwanza, kisha aisome kazi yenyewe. Hiyo ndiyo haki ya kila mmoja wao.