Picha ya Bi Harusi si ya Kila Jicho



Mimi ni mtoto wa Unguja, nimeolewa Moshi. Huku chini ya Kilimanjaro harusi zetu hukutanisha watu wa kila aina: mawifi wa Pasua, mashangazi wa Kibosho na Uru ambao wengine ni Wakristo, na sisi tunaokuja na udi wetu kutoka visiwani. Raha yake haina mfano. Leo lakini nataka tuzungumze jambo lililotuliza.

Ilikuwa usiku wa hina, ukumbini wanawake peke yetu. Bi harusi alikuwa kichwa wazi, piko hadi juu ya viwiko, anacheza na shoga zake. Asubuhi picha yake ilikuwa kwenye ukurasa wa umbea. Chini yake kulijaa komenti: huyu anamtukana yeye, yule anaitukana dini yake, mwingine kabila la mumewe, kwa Kiswahili cha mafumbo kilichochanganywa na Kichagga. Tuliripoti watu zaidi ya ishirini. Siku ya pili tukajibiwa kuwa picha haijavunja kanuni.

Kwao hakuna uchi wala damu, kuna mwanamke tu na gauni lake zuri. Kwetu ni stara iliyovunjwa. Ndiyo maana nasema kampuni hizi zinawajibika kuwa na watu wanaoijua tofauti hiyo na wanaokisoma Kiswahili chetu chote, mafumbo na vijembe vyake. Na sisi nasi tujifunze kuripoti.

Wengi hatujui kwamba Meta, wenye Facebook na Instagram, wameandika kwenye kanuni zao kuwa picha inayomweka mwanamke hatarini kwa kumwonyesha bila ushungi, pasipo ridhaa yake, hairuhusiwi. Ila wameiweka katika fungu la mambo yanayohitaji maelezo ya ziada kabla hawajachukua hatua. Wamesema pia kuwa wingi wa ripoti si unaoamua. Kwa hiyo watu ishirini wakibonyeza bila kueleza, wanaweza kushindwa na mmoja aliyeeleza vizuri. Na Januari 2025 walitangaza kwamba kwa makosa wanayoyaona madogo, watasubiri mtu aripoti kwanza. Mzigo umezidi kuwa wetu.

Msidhani ni mambo ya harusi tu. Kule Nairobi, mwendo wa saa chache kwa basi kutoka hapa Moshi, Abrham Meareg wa Ethiopia alifungua kesi dhidi ya Meta Desemba 2022. Anasema baba yake, profesa wa chuo kikuu, alichafuliwa kwenye Facebook kwa sababu ya kabila lake, yeye akaripoti, na jibu likaja baba ameshauawa, Novemba 2021. Aprili 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba inayo mamlaka ya kuisikiliza kesi hiyo. Huko huko Nairobi, mwaka 2023, wakaguzi 184 wa machapisho walikwenda mahakamani kupinga kuachishwa kazi. Hao ndio waliokuwa macho ya mtandao kwa lugha zetu za Afrika. Kampuni ikipunguza macho hayo, anayelipa ni mwenye picha.

Basi likikufika, dada yangu, usikae unalia tu. Ripoti mwenyewe, kwani wewe ndiye mwenye haki. Chagua sehemu ya faragha au unyanyasaji. Palipo na nafasi ya maelezo andika wazi: ni mimi niliye pichani, ninavaa hijabu, picha ilipigwa kwenye shughuli ya wanawake, sikuridhia. Matusi ya dini au kabila yaripoti peke yake, komenti moja moja, kama kauli za chuki. Kabla ya yote hifadhi ushahidi: jina la akaunti, tarehe, kiungo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatumika bara na Zanzibar, na unyanyasaji wa mtandaoni ni kosa ndani yake. Nenda polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto. Kama ni picha za faragha za chumbani na umetimiza miaka 18, ipo huduma ya StopNCII inayosaidia kuzizuia bila picha yenyewe kutoka kwenye simu yako.

Na sisi mashoga, tuache kuisambaza picha kwenye makundi tukisema "jamani turipoti". Kila anayetumiwa ni jicho jingine limemwona. Tumefundishwa kusitiriana, na kisa cha Bibi Aisha (R.A.) na waliomzulia kinatuonyesha uongo unavyokua kwa kupokezana midomo.

Bi harusi wetu aliandika maelezo yake mwenyewe, na siku ya tisa picha ikaondolewa. Siku tisa, dada zangu, fungate yote imeliwa na machozi. Harusi iliyofuata, mama mkwe aliweka kikapu mlangoni, kila simu ikaingia humo, ya kwake ikiwa ya kwanza. Hakuna aliyenung'unika.

Allah atusitiri duniani na Akhera. Amin.