Si Kila Joto ni Ukomo wa Hedhi

Mama afikapo umri wa miaka 45 hadi 55, hedhi huanza kupotea njia. Joto humpanda ghafula, usingizi humtoroka, mwili huchoka, na majirani humwambia, "Ni umri tu, vumilia." Mara nyingi husema kweli. Lakini maradhi ya tezi ya shingo huja na dalili zizo hizo, nayo yana dawa. Ndiyo sababu daktari huagiza damu ipimwe. Mama wa Bwera hulipa nauli hadi mjini Kasese, akarudi na karatasi yenye herufi na namba asizozielewa. Leo, ndugu msomaji, tujifunze kuisoma.

Chini ya ubongo ipo tezi ndogo ifanyayo kazi ya msimamizi. Amri yake kwa tezi ya shingo huandikwa TSH. Amri yake kwa vifuko vya mayai huandikwa FSH. Mfanyakazi akilegea, msimamizi hupaza sauti. Akizidisha kazi, msimamizi hunyamaza. Basi TSH kubwa kwa kawaida maana yake ni kwamba tezi ya shingo imelegea, wala si kwamba ina nguvu. TSH ndogo mno huashiria kwamba imezidisha. Maabara nyingi huhesabu 0.4 hadi 4.0 kuwa kawaida, ila ufuate mipaka iliyochapwa kwenye karatasi yako. Namba ikivuka mipaka, daktari hutazama pia T4, yaani homoni itengenezwayo na tezi yenyewe.

Tezi iliyolegea huleta baridi, ngozi kavu, kufunga choo na kunenepa. Iliyozidisha huleta joto, moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na kukonda. Mama anayekonda ilhali anakula vizuri asisingizie umri.

FSH nayo hupanda vifuko vya mayai vinapopumzika, mara nyingi kupita 25 au 30. Hata hivyo, katika miaka ya mpito hupanda na kushuka, hivyo kipimo kimoja hakithibitishi neno. Kwa mama aliyepita miaka 45, shahidi bora ni kalenda: miezi 12 mfululizo bila hedhi, pasipo mimba wala dawa za kuzuia uzazi. Kabla ya hapo mimba yaweza kuingia bado. Basi fedha zikiwa haba, muulize daktari kama TSH yaweza kutangulia. Lakini hedhi ikikoma kabla ya miaka 45, FSH ina kazi yake, na huenda ikarudiwa.

Katika nchi za milima zilizo mbali na bahari, udongo huwa na madini joto haba, yaani iodini, ndipo rovu huota shingoni. Ng'ambo ya mpaka wetu, kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu kilichunguzwa na madaktari miaka ya 1960 kwa sababu hiyo. Sisi tunajivunia chumvi ya Katwe, lakini chumvi ghafi haijatiwa madini joto. Chumvi ya chakula cha nyumbani iwe ile ya pakiti iliyoandikwa kuwa na iodini, ikae katika chombo chenye kifuniko, mahali pakavu. Chumvi hukinga; haitibu rovu lililokwisha kuota. Mwenye uvimbe shingoni aonwe na daktari hata kama TSH yake ni ya kawaida.

Usinunue vidonge vya tezi wala vya homoni kwa ushauri wa jirani. Dozi isiyopimwa huudhuru moyo. Na damu ikirudi baada ya ile miezi 12 kutimia, hata tone moja, usingoje: nenda Hospitali ya Bwera au kituo kilicho karibu nawe. Chukua karatasi zako zote, za zamani na za sasa, ili daktari alinganishe namba.