Sehemu Zisikutishe, Ndugu Mzazi

Ndugu msomaji, wapo wazazi wengi ambao mtoto aletapo daftari lenye milinganyo ya sehemu humjibu, "Kamwulize mwalimu wako." Hali wazazi hao hao kila mwisho wa mwezi huugawa mshahara kwa nusu, robo na theluthi. Hesabu ni ile ile.

Natutazame mfano wa nyumbani. Familia moja hutumia nusu ya mshahara kwa chakula, na sehemu moja ya tano kwa kodi ya nyumba. Yataka zibaki shilingi 60,000 za nauli, shule na dawa, isije ikaangukia madeni ya dukani. Je, mshahara wa kutosha ni shilingi ngapi? Tuuite m:

m/2 + m/5 + 60,000 = m

Zitishazo hapa ni asili mbili, 2 na 5. Kigawe chao kidogo cha shirika ni 10. Basi zidisha kila kilichomo, pande zote mbili, kwa 10:

5m + 2m + 600,000 = 10m

Sehemu zimetoweka. Toa 7m kila upande; zabaki 600,000 = 3m. Kwa hiyo m ni 200,000.

Wengi hukosea pale wanapozizidisha sehemu peke yake na kuisahau ile 60,000. Hao hupata jibu la 20,000. Lakini mshahara wa 20,000 utabakizaje 60,000? Ndiyo maana daftari lisifungwe kabla ya kuhakiki: chakula 100,000, kodi 40,000, masalio 60,000, jumla 200,000. Mizani imelingana.

Elimu hii si ngeni katika Afrika. Yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, karani wa Misri aitwaye Ahmes alinakili maswali ya namna hii juu ya mafunjo, ambayo sasa yamehifadhiwa katika Makumbusho ya Uingereza, London. Swali mojawapo lataka kiasi ambacho, kikijumlishwa na sehemu yake moja ya saba, hutoa 19.

Jioni ya leo keti na mwanao mlifumbue swali hilo. Zidisheni kila kitu kwa 7, mtapata 8k = 133. Jibu ni 16 na sehemu tano za nane. Kisha, kabla hamjalala, chukueni mshahara wa nyumba yenu wenyewe mkauandikie mlinganyo wake.