Tusimbeze mwalimu aliyechelewa kuingia

Kwa Mhariri,

Kila matokeo ya mtihani wa kidato cha nne (KCSE) yanapotoka, wazazi mtaani kwetu hunijia na swali lile lile: mtoto anataka ualimu, apitie wapi? Mwenye wastani wa C anaweza kujiunga na chuo cha walimu wa msingi kwa diploma ya miaka 3, iliyochukua nafasi ya cheti cha P1 kuanzia 2021. Mwenye C+, na C+ katika masomo mawili atakayofundisha, anaweza kusomea shahada ya ualimu. Wote huishia kwenye Tume ya Huduma za Walimu (TSC), kwani sheria yake ya 2012 hairuhusu mtu kufundisha bila kusajiliwa.

Njia ya tatu ndiyo inayobezwa bure. Kijana aliyesomea shahada ya hisabati au fizikia, akatambua baadaye kwamba moyo wake uko darasani, husoma stashahada ya uzamili ya elimu. Nimewapokea walimu wa namna hiyo katika idara niliyoiongoza. Somo walilijua hadi mizizi, kuwapita wengi wetu. Walichopungukiwa ni muda mbele ya wanafunzi. Muhula mmoja wa mazoezi haumtoshi mtu kujifunza kulituliza darasa lililojaa, au kumtambua mtoto anayeficha kwamba hajaelewa.

Naomba TSC na vyuo vikuu viwaongezee walimu hao muhula wa pili shuleni, chini ya mwalimu mzoefu aliyepunguziwa vipindi ili apate nafasi ya kuwaongoza.

Mwalimu mstaafu,
Nakuru