Mche Hutaka Maji, Hautaki Hotuba

Wako ndugu zetu ndani ya kambi ya mageuzi wanaotucheka. Wakituona Jumamosi asubuhi tumebeba majembe na vikopo vya miche, hutuuliza: "Je, nchi itakombolewa kwa kupanda miti? Twaeni serikali kwanza, msitu utajitunza wenyewe." Hoja hii si mpya, wala si ndogo. Tumeamua kuijibu hapa bila kuzungukazunguka, kwa sababu tukiiacha isimame tutajikuta tumebadilisha watawala bila kubadilisha utawala.

Jibu letu ni hili. Mnyakuzi wa kura na mnyakuzi wa msitu ni mtu mmoja, mwenye mikono miwili. Kwa mkono mmoja huiba sauti ya mwananchi, na kwa mkono wa pili huiba ardhi ya mwananchi ili apate fedha za kuiba sauti hiyo tena uchaguzi ujao. Anayepambana na mkono mmoja na kuuachia wa pili hajapambana na mwizi.

Ushahidi tunao katika historia yetu wenyewe. Tarehe 5 Juni 1977, kikundi cha wanawake wakiongozwa na Profesa Wangari Maathai kilipanda miti saba Kamukunji, jijini Nairobi. Hapo ndipo lilipozaliwa shirika la Green Belt Movement. Miaka 13 baadaye, tarehe 7 Julai 1990, jina hilo hilo la Kamukunji likawa jina la mapambano ya vyama vingi, siku tunayoiita Saba Saba. Hatusemi kwamba miti saba ilizaa Saba Saba. Tunasema kwamba waliojifunza kulea mche bila kuamriwa na chifu walikuwa wameanza kujifunza kuishi bila kuamriwa na chama kimoja.

Tazameni jinsi kazi ile ilivyopangwa. Wanawake wa kijiji walijiunga kikundi, wakakusanya mbegu za miti ya kwao, wakaanzisha kitalu, wakagawa miche kwa majirani. Hawakulipwa kwa kuhudhuria mkutano wala kwa kupiga makofi. Walipewa senti chache kwa kila mche ulioshika, tena baada ya kukaguliwa na kuhesabiwa. Mche uliokauka haukuhesabiwa. Linganisheni hesabu hiyo na hesabu za serikali mnazozifahamu! Kikundi kilichozoea kuhesabu miche iliyo hai hakiwezi kudanganywa kwa urahisi kuhusu hesabu ya kura. Kwa njia hiyo, zaidi ya miti milioni 50 imepandwa nchini tangu mwaka ule.

Watawala walilielewa jambo hili mapema kuliko baadhi ya wanamageuzi. Mwaka 1989 chama tawala kilipotaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ya mlalahoi asiye na bustani nyingine, ni Wangari aliyeandika barua za kupinga. Wabunge walitumia muda wa Bunge kumtukana yeye na wenzake, wakiwaita kundi la wanawake walioachwa na waume zao. Rais naye akawafundisha wanawake wa Kiafrika adabu ya kunyamaza. Shirika likafukuzwa katika ofisi lililokuwa likizitumia. Swali letu kwa wanaotucheka ni hili: ikiwa kupanda miti si siasa, mbona dola nzima ilitetemeka kwa sababu ya barua za mpanda miti?

Sisi tuliosomea sheria tuna aibu yetu katika kisa hicho, na hatutaificha. Wangari alikwenda Mahakama Kuu kuomba ujenzi usimamishwe. Mahakama ilimfukuza kwa kusema kwamba hakuwa na haki ya kushtaki, kwa kuwa yeye binafsi hakuwa amedhurika zaidi ya mtu mwingine yeyote. Maana yake ni kwamba kinachowadhuru wote hakina wa kukililia. Kwa mantiki hiyo, mwizi wa kuku mmoja hushtakiwa, na mwizi wa mto mzima huenda zake. Jumba lile halikujengwa, lakini si mahakama iliyolizuia. Lilizuiwa na kelele za wananchi, hata wenye fedha wa ng'ambo wakaona haya wakajitoa.

Mwaka 1992 kona ya bustani hiyo hiyo ikawa kimbilio la akina mama waliodai wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa. Walipigwa kwa marungu na kurushiwa gesi ya kutoa machozi, nao wakavua nguo kuwalaani waliowapiga. Wangari alipigwa hata akazirai. Laiti jumba lingejengwa, akina mama wale wangeketi wapi? Hifadhi ya ardhi ya umma ndiyo hifadhi ya mahali pa kusimama na kusema.

Kisha ikaja Karura. Mwaka 1998 ilibainika kwamba sehemu kubwa ya msitu huo ulio mlangoni mwa Nairobi ilikuwa imegawiwa watu binafsi kwa siri. Tarehe 8 Januari 1999, Wangari, wabunge wa upinzani na wafuasi wao walikwenda kupanda miti wakashambuliwa na walinzi wa kukodiwa. Alipasuliwa kichwa, naye akaitia sahihi taarifa yake ya polisi kwa damu yake. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani. Agosti mwaka ule ule Rais akatangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Leo familia hutembea Karura siku za mapumziko, na watoto huendesha baiskeli mahali palipokuwa na alama za mipaka ya viwanja vya wakubwa.

Na hapa tunawageukia wanataaluma wenzetu. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 kuhusu ardhi iliyogawiwa kinyume cha sheria haikuwataja wanasiasa peke yao. Iliwataja pia mawakili, wapimaji na maofisa wa ardhi. Jangili mwenye panga hawezi kuandika hati ya kumiliki msitu. Hati huandikwa na msomi mwenye tai, kwa ada nzuri, ofisini penye zulia. Basi wakili asiyeweza kutoa hata siku moja kwa mwezi kukitumikia bure kikundi cha mazingira cha mtaani kwake asituambie kwamba yeye hana upande. Wenzake walikwisha kuchagua upande kwa niaba ya taaluma nzima, na deni hilo halijalipwa.

Tutaambiwa: "Hayo yalikuwa ya zamani. Sasa tuna Katiba mpya." Kweli, tunayo tangu 2010, na imeandikwa kwa jasho na damu. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kimefuta ile hukumu ya aibu: anayeshtaki kuhusu mazingira halazimiki kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au madhara. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali ifikie angalau asilimia 10 ya ardhi yote kufunikwa na miti, na ihimize wananchi kushiriki. Lakini kifungu hicho hicho kinaendelea kusema jambo ambalo wengi hawapendi kulisoma: kila mtu ana wajibu wa kushirikiana katika kulinda mazingira. Haki hailindwi na karatasi. Katiba ni mche. Aliyeipanda akaenda zake asilalamike akirudi akute kijiti kikavu.

Angalieni Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi kiliwatia wakazi sumu, watoto kwa wakubwa. Walioanza kudai haki hawakuwa wizara wala chama cha siasa. Ni mama mmoja, Phyllis Omido, na shirika dogo alilolianzisha, pamoja na wakazi waliokubali kupimwa damu, kuandamana na kukamatwa. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, hukumu ikapingwa katika rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Kifungu cha 70 kilikuwa kitabuni muda wote, lakini hakikutembea hadi watu walipokipa miguu.

Serikali nayo inapenda miti, hasa mbele ya kamera. Tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa siku ya mapumziko ili tupande miti, na tumeahidiwa miti bilioni 15 ifikapo 2032. Hatukatai kupanda. Lakini miezi michache kabla ya sikukuu hiyo, serikali hiyo hiyo ilitangaza kuondoa marufuku ya ukataji miti iliyowekwa 2018. Mkono mmoja unapanda, wa pili unanoa shoka. Nani atahesabu mche ulioshika na uliokauka? Mheshimiwa akishapigwa picha hupanda gari lake, na mche hubaki na jua. Mche hutaka maji, hautaki hotuba. Na maji huletwa na jirani wa karibu, si na msafara.

Zimebaki hoja mbili za kujibu. Ya kwanza husema kwamba mashirika haya hula fedha za wafadhili. Yapo yanayokula, hatutayatetea. Lakini dawa ya shirika bovu si kukaa nyumbani ukilisengenya. Ingia uwe mwanachama, lipa ada yako hata ikiwa ndogo, kisha dai hesabu katika mkutano mkuu. Mfadhili aliye ng'ambo husoma ripoti iliyoandikwa vizuri. Mwanachama huona kitalu kwa macho yake. Shirika linalotegemea mfadhili pekee hunyamaza mfadhili akinyamaza. Linalotegemea wanachama lina mdomo wake.

Ya pili husema kwamba mwenye njaa hana wakati wa kujitolea. Ndugu zetu, waliojitolea kwanza ni akina nani kama si mama wa kijijini aliyetembea mbali kutafuta kuni na maji? Yeye ndiye aliyejua, kabla ya profesa yeyote, kwamba msitu ukiisha njaa huzidi. Wasio na wakati, kwa uzoefu wetu, ni wenye kushiba.

Kwa hiyo tunatoa mwito, tena mwito wa vitendo. Kila msitu wa umma unaweza kuwa na chama cha jamii kinachoshiriki kuusimamia. Sheria ya misitu ya 2005 ilifungua mlango huo, na ile ya 2016 haikuufunga. Kila mto una watumiaji wake wanaoweza kujiunga pamoja. Kitafute kilicho karibu nawe, na kama hakipo, kianzisheni. Mwalimu alete wanafunzi kwenye kitalu. Mhasibu akague vitabu. Fundi atengeneze tangi la maji. Wakili asome matangazo ya Gazeti Rasmi na ripoti za athari za mazingira kabla siku za kutoa maoni hazijapita, kwa maana msitu huuawa kwa tangazo dogo ambalo hakuna aliyelisoma. Kijana mwenye simu apige picha ya mpaka leo, ili kesho ukisogezwa tuwe na ushahidi.

Wala msidhani vita vimekwisha palipo na ushindi. Agosti 2025, Karura yenyewe iliona amri kwamba ada zote za wageni zipelekwe moja kwa moja katika mfumo wa malipo wa serikali, na wananchi walioutunza msitu huo kwa miaka mingi wakalazimika tena kupaza sauti kutetea nafasi yao katika usimamizi. Msitu ulioponea shoka mwaka 1999 bado unahitaji walinzi wa daftari.

Wangari Maathai, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alifariki tarehe 25 Septemba 2011. Wanasiasa wengi waliokuwa wakimtukana walijipanga kumwombolezea. Sisi hatuna haja ya machozi ya namna hiyo. Anayetaka kumheshimu aje Jumamosi na debe lake la maji.

Kura tutapiga, na tutailinda. Lakini kura hupigwa mara moja kwa miaka mitano. Mche huuliza kila wiki: uko wapi?